Jinsi ya kuusoma mwamba wa mchanga: kazi yangu kwenye makorongo ya Songwe na Rukwa

Vijana wa mafunzo kwa vitendo ninaowashusha bonde la Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, wana ugonjwa mmoja. Tukishapita Mbalizi tukaanza kuteremka upande wa Galula, miamba myekundu ikachungulia kwenye makorongo, lazima mmoja wao aseme: "Hapa palikuwa jangwa." Nikimuuliza amejuaje, jibu ni rangi. Basi safari nzima inakuwa kazi ya kumtoa kwenye rangi na kumpeleka kwenye chembe, kwenye mistari iliyo ndani ya matabaka, kwenye alama ambazo mchanga wenyewe ulibaki nazo siku ulipotua.

Mimi natafuta maji. Wachimba visima huniita niwaambie watoboe wapi, na mwamba wa mchanga ndio unaonilipia ada za watoto. Mchanga ulioletwa na mto mkubwa, ukachujwa vizuri, una nafasi kati ya chembe na maji hukaa humo. Mchanga ulioshuka mlimani pamoja na tope, hata uwe mwekundu vilevile na mnene vilevile, unaweza kumwachia mteja shimo kavu lenye deni. Kwa hiyo nikiuliza "mchanga huu uliwekwaje?" siulizi kwa ajili ya mtihani. Hii ndiyo njia ninayopita kulijibu swali hilo, na anayependa mawe tu bila visima anaweza kuipita vilevile.

Anza na mto ulio hai

Usianze na mwamba. Anza na mchanga ambao bado haujawa mwamba. Kiangazi kikikolea, Mto Songwe unapungua na kuacha mafungu ya mchanga katikati ya njia yake. (Nasema Songwe inayomwaga maji Ziwa Rukwa, si ile ya mpakani na Malawi inayoingia Ziwa Nyasa. Jina moja, mito miwili, na nimeshaona ripoti zilizochanganya.) Tembea juu ya fungu moja kutoka upande maji yanakotoka hadi upande yanakokwenda. Kichwani utakanyaga kokoto, mkiani mchanga mwembamba. Angalia viwimbi vilivyochorwa juu ya mchanga: kila kiwimbi kina upande mrefu wa mteremko mpole unaotazama maji yanakotoka, na upande mfupi mkali unaotazama yanakokwenda. Angalia kokoto bapa zilivyoegemeana kama vigae vya paa, zote zikiinamia upande wa juu wa mto. Kwenye vidimbwi vilivyokauka utakuta tope limepasuka, na upepo umeshaanza kujaza mchanga kwenye nyufa. Piga picha za vyote hivyo, pamoja na dira ikionyesha kaskazini. Utazihitaji.

Kisha tafuta wachimba mchanga wa ujenzi. Shimo lao lina ukuta uliosimama wima, na ukuta huo ukiukwangua taratibu kwa mwiko wa fundi utaona ndani ya fungu la mchanga, kitu ambacho ukitembea juu yake hukioni. Salimia kwanza na ueleze shida yako. Kijana mmoja mwenye shimo lake alinionyesha kabla sijamwuliza: "Mama, huu wa juu wanauchukua wa plasta. Wa chini huu wa zege, una chenga." Amenisomea mfuatano mzima. Chembe kubwa chini, chembe ndogo juu: mto ulipita hapa kwa nguvu, ukapungua, ukahamia kwingine. Mfuatano huohuo utaukuta kwenye mwamba wenye umri wa mamilioni ya miaka, na ukishauona kwenye shimo la Fuso la mchanga hutaukosa tena.

Ukipata nauli ya ziada, nenda Matema. Milima ya Livingstone inaishia karibu na maji ya Ziwa Nyasa, na vijito vinavyoshuka havina nafasi ya kupanga mizigo yao: mawe makubwa, kokoto, mchanga na tope vyote vinamwagwa ndani ya mwendo mfupi. Halafu linganisha na Usangu, ambako mito inayotoka milimani, kama Chimala, inafika uwandani na kuishiwa nguvu. Karibu na mlima inatua kokoto, mbele yake mchanga, mbele zaidi tope linalolimwa mpunga. Anayeishi Iringa anayo Isimila, kilomita kama 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya. Watu huenda kuona zana za mawe na zile nguzo ndefu, nao wanasahau kwamba nguzo zenyewe ni matabaka ya mchanga na udongo yaliyochongwa na mvua. Huko ni kutazama tu. Ni eneo la mambo ya kale, usikwangue chochote.

Ruhusa na msimu

Ramani za kijiolojia zinapatikana Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, Dodoma. Kama ni utafiti rasmi, kibali kinatoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Lakini kibali cha Dar es Salaam hakikusaidii chochote ukifika kijijini bila kupita kwa mtendaji na mwenyekiti. Sisi tuko jirani na Chunya, kwenye dhahabu, kwa hiyo mtu mwenye nyundo anayepiga mawe na kuandika daftarini hawezi kuachwa hivihivi. Na kuna lile la Mjerumani, ile hadithi ya hela zilizofukiwa. Mzee mmoja alinifuata korongoni, nikamwamkia, akaitikia, kisha akakaa juu ya jiwe.

"Mwanangu, sema ukweli. Ni rupia za Mjerumani?"

"Hapana, baba. Natafuta mto."

"Mto si huo hapo nyuma yako?"

"Huo wa sasa, baba. Natafuta wa zamani."

Aliendelea kukaa hadi jioni, na sidhani kama niliaminika. Ila tangu siku hiyo yeye ndiye ananiambia korongo gani limekatwa upya na mvua, kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chukua mtu wa hapohapo, mlipe posho yake, na mwonyeshe daftari lako. Kurasa za mistari na namba zinapunguza maneno.

Jambo moja halina mjadala. Ukiona mfupa au jino ndani ya mwamba, usiling'oe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda masalia hayo, na mfupa ukishatoka kwenye tabaka lake umepoteza nusu ya maana. Piga picha, chukua nukta ya GPS, toa taarifa.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba, na mimi napenda mwanzoni, wakati kuta zimeoshwa na mvua zilizopita na nyasi zinaanza kulala. Kumbuka unatoka Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya bahari, unashuka kuelekea Rukwa ambako ziwa liko karibu mita 800. Sweta uliloondoka nalo asubuhi litakuwa mzigo saa nne. Na usiingie korongo jembamba ukiona wingu zito juu ya milima, hata kama hapo ulipo jua linachoma.

Vifaa si vingi: nyundo ya jiolojia, lenzi ya kukuza mara 10, dira yenye kipimo cha mwinamo, tepu, daftari gumu, penseli, mifuko ya sampuli, chupa ndogo ya asidi hafifu ya haidrokloriki. Ongeza fimbo iliyonyooka ya mita moja na nusu, uipake rangi kila sentimita 10. Miwani ya kukinga macho unapopiga nyundo. Hili vijana hawanisikii mpaka kibanzi kimpate mmoja wao shavuni.

Ukutani: simama mbali kwanza

Ukifika kwenye ukuta wa mwamba, weka nyundo chini. Rudi nyuma hadi uuone wote, kaa, uchore. Mchoro mbaya ni bora kuliko picha nzuri, kwa sababu ukichora unalazimika kuamua mstari upi ni tabaka na upi ni ufa tu wa mwamba. Tafuta nyuso kubwa zilizokatwa, pale ambapo matabaka ya chini yamechongwa na kitu kingine kikakaa juu yake. Hizo ndizo sakafu za mito ya kale. Kama unaweza kuchagua saa, njoo jua likiwa la ubavuni. Saa sita mchana ukuta wote unakuwa bapa.

Halafu chagua njia moja ya kupanda, kutoka chini kwenda juu. Kanuni ya mwanasayansi Steno ya mwaka 1669 ni kwamba la chini ndilo la kwanza kuwekwa, lakini kumbuka hapa ni bonde la ufa. Matabaka yameinamishwa na kukatwa, na unaweza kuvuka mpasuko ukadhani umepanda kumbe umerudi palepale. Kila unapohamia upande, fuata tabaka moja kwa macho hadi unapoanzia tena.

Pima mwinamo wa matabaka, kisha fimbo yako uishike wima kwa tabaka, si wima kwa ardhi. Ukitembea kwenye sakafu tambarare ya korongo kukata matabaka, tepu itakudanganya: mita 30 za kutembea juu ya matabaka yenye mwinamo wa digrii 12 ni unene wa mita 6 na kidogo tu, maana unazidisha na saini (sine) ya pembe hiyo. Vijana wakisahau hesabu hii, tabaka la kawaida linageuka kuwa mnara.

Daftarini kila tabaka lina mstari wake: unene, ukubwa wa chembe, mipaka ya chini na juu (kali au ya polepole), mistari ya ndani, rangi, masalia, kipimo cha mkondo. Chora safu ambayo upana wake unafuata ukubwa wa chembe, tabaka la kokoto lijitokeze nje, la udongo liingie ndani. Na usiandike neno "mto" wala "ziwa" wala "jangwa" kwenye safu hiyo. Hukumu ina ukurasa wake. Hili ndilo ninaligombania zaidi kuliko yote, kwa sababu ukishaandika "mto" kwenye tabaka la tatu, kuanzia la nne macho yako yanatafuta mto tu.

Chembe

Vunja kipande kipya, uso wa nje umeshapakwa vumbi na kutu. Lenzi iweke karibu kabisa na jicho, kisha ulete jiwe kwenye lenzi. Mipaka tunayotumia ni ya mwanajiolojia Wentworth ya mwaka 1922: mchanga ni chembe za milimita 0.0625 hadi 2. Zaidi ya hapo ni changarawe na kokoto, na kuanzia milimita 256 ni mawe makubwa. Chini ya mchanga ni silti, hadi milimita 0.004 hivi, kisha udongo mfinyanzi. Silti na mfinyanzi macho hayatenganishi, kwa hiyo weka chembe kidogo kwenye meno ya mbele: silti inakwaruza, mfinyanzi unateleza. Kadi ya kulinganishia unaweza kujitengenezea kwa mchanga uliochekechwa na gundi.

Baada ya ukubwa, tazama ulinganifu. Chembe zote za saizi moja zinaonyesha mkondo au upepo uliokuwa na muda wa kuchagua. Saizi zote kwa pamoja, kokoto ikiogelea ndani ya tope, zinaonyesha mzigo uliotuliwa ghafla. Kisha ncha za chembe: zilizochongoka hazijasafiri sana, zilizoviringika zimesafiri, au zimetoka kwenye mwamba wa mchanga wa zamani zaidi, na hapo unaweza kuhukumu vibaya kama hujatazama kitu kingine.

Kitu hicho kingine ni madini. Kwatsi (quartz) inavumilia kila kitu. Feldispa, ile ya waridi au nyeupe yenye nyuso bapa zinazong'aa ukigeuza jiwe juani, haivumilii joto na unyevu wa muda mrefu. Inaoza ikawa udongo. Mwamba wa mchanga ukiwa na feldispa mpya zaidi ya robo, ama haukutoka mbali, ama ulizikwa haraka, ama hali ya hewa ilikuwa kavu. Andika zote tatu, usichague bado. Ulanga (maika) nao una faida yake: vipande vyake bapa huelea na kutua maji yakitulia, na upepo wa jangwani huvisaga na kuvipeperusha. Ukiona ulanga mwingi umelala kwenye nyuso za matabaka, jangwa limeanza kukutoroka.

Tone la asidi mwishoni. Ikichemka, saruji inayoshika chembe ni chokaa. Kwangu hiyo ni habari mbaya, chokaa imeziba njia za maji.

Mistari ndani ya tabaka

Hapa ndipo penye hazina, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Tazama tabaka moja la mchanga. Mara nyingi ndani yake kuna mistari inayolala upande, mshazari, wakati tabaka lenyewe limelala sawa. Hiyo ni kazi ya matuta ya mchanga yaliyokuwa yakitembea sakafuni mwa mto. Maji yanasukuma chembe juu ya mgongo mpole wa tuta, zikifika kileleni zinaporomoka upande wa pili, na kila poromoko linaacha mstari mmoja. Mchanga haukubali kusimama zaidi ya digrii 30 hadi 34 hivi, kwa hiyo mistari hiyo haiwi mikali zaidi ya hapo isipokuwa mwamba wenyewe umeinamishwa baadaye. Tuta linalofuata linakuja na kukata kichwa cha lile la kwanza. Ndiyo maana chini mistari inalala taratibu hadi kugusa sakafu, na juu imekatwa ghafla. Alama hiyo inakuambia pia upande upi ni wa juu, jambo la msaada mkubwa pale mwamba ulipogeuzwa na mpasuko.

Pima unene wa kila seti ya mistari hiyo, seti nyingi, upate wastani. Zidisha na 3 hivi, umepata kimo cha tuta lilipokuwa hai, maana kinachobaki ni sehemu ndogo tu. Kina cha maji huwa kama mara 6 hadi 10 ya kimo cha tuta. Seti za sentimita 20 zinakupa matuta ya sentimita 60, na mto wenye kina cha mita 3.6 hadi 6. Ni makadirio, lakini linganisha na Songwe ya Agosti unayoivuka kwa miguu, utajua unaongelea mto wa namna gani.

Na yule kijana wa jangwa? Namwambia aniletee ushahidi wake. Matuta ya upepo huacha seti kubwa, za mita kadhaa na hata zaidi, za mchanga mwembamba uliolingana sana, bila kokoto, bila ulanga wa maana, bila vibanzi vya tope. Kisha ninamwekea kidole ukutani: kokoto za kwatsi kwenye sakafu ya tabaka, juu yake vibanzi vya udongo vilivyomeguka kutoka ukingoni mtoni na kusombwa kidogo tu kabla ya kuzikwa. Upepo haubebi kokoto.

Viwimbi vidogo visomwe kwa umbo. Vyenye pande zisizolingana ni vya mkondo, kama ulivyoviona kwenye fungu la mchanga. Vyenye pande sawa na kilele chembamba ni vya mawimbi yanayokwenda na kurudi, na hapo anza kufikiria ziwa. Nyufa za tope zilizojaa mchanga zinasema palikauka juani. Ncha ya ufa hutazama chini. Alama za mizizi na vinundu vya chokaa ndani ya tope jekundu ni udongo wa kale: mto ulikuwa mbali, mafuriko yalikuwa haba, mimea ikaota, na kiangazi kilikuwa kirefu cha kutosha chokaa kujikusanya.

Mwelekeo wa jumla nao una neno. Chembe zikipungua ukubwa kutoka chini kwenda juu, lile shimo la plasta na zege, ni mfereji wa mto uliozidi kupoteza nguvu. Zikiongezeka kwenda juu, tope kwanza kisha mchanga, huenda ni mto unaosogeza mdomo wake ndani ya ziwa.

Mkondo ulielekea wapi

Mistari mshazari huinamia upande maji yalikokuwa yakienda. Ila ukuta mmoja bapa unakuonyesha mwinamo wa uongo. Tafuta kona, mahali kuta mbili zinapokutana, au sehemu ambapo mvua imefichua uso wa mstari wenyewe, ndipo upime. Kama mistari imejipinda umbo la mtumbwi, pima mwelekeo wa mtumbwi, si ubavu wake.

Ikiwa matabaka yameinama zaidi ya digrii 10 hadi 15, lazima uyarudishe kwanza. Wenye programu watumie programu. Mimi natumia jalada la daftari gumu: jalada moja nalishika sambamba na tabaka, la pili sambamba na mstari mshazari, kisha nageuza daftari zima kuufuata uelekeo wa tabaka, yaani mstari wake usiopanda wala kushuka, hadi jalada la kwanza lilale sawa. Jalada la pili sasa linainamia mkondo ulikokwenda. Nasoma dira, naandika.

Kipimo kimoja si kipimo. Mto unapinda, na tuta moja linaweza kutazama kando kabisa. Ukipata vipimo 25 au zaidi ukutani una la kusema. Na wastani wake usiutafute kwa kujumlisha na kugawanya: vipimo viwili, digrii 350 na digrii 10, vyote ni vya kaskazini, lakini wastani wa kawaida ni 180, kusini kabisa! Jumlisha saini zote upande mmoja na kosaini zote upande mwingine, ndipo utafute pembe. Kwenye Excel kumbuka inahesabu kwa radiani.

Sasa rangi

Wekundu ni kutu. Ni madini ya chuma, hematiti, yamezipaka chembe ngozi nyembamba, na mara nyingi ngozi hiyo ilikuja baada ya mchanga kutua, ukiwa ardhini penye hewa. Wekundu unasema oksijeni ilifika, hauthibitishi jangwa. Madoa ya kijani au kijivu katikati ya wekundu ni mahali hewa ilipokosekana, mara nyingi mzizi ulipooza.

Na rangi hii imewasumbua wakubwa zaidi ya wanafunzi wangu. Kwa miongo mingi miamba myekundu ya Rukwa ilibishaniwa umri wake, maana yote inafanana kwa mbali. Leo inagawanywa mara mbili. Iliyo chini inaitwa Formesheni (yaani kundi la matabaka) ya Galula, ya kipindi cha Kreta, enzi za dinosaria: humo ndimo walimotoka Pakasuchus, mamba mdogo mwenye meno ya kutafunia aliyetangazwa mwaka 2010, na Mnyamawamtuka, dinosaria wa shingo ndefu aliyetangazwa 2019. Iliyo juu inaitwa Formesheni ya Nsungwe, yenye umri wa karibu miaka milioni 25, na umri huo umepatikana kwa kupima majivu ya volkano yaliyolala kati ya matabaka. Humo mna vyura, samaki, na Rukwapithecus wa jamii ya masokwe aliyetangazwa 2013. Kreta iliisha miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo kati ya wekundu mmoja na mwingine kuna pengo la miaka milioni 40 hivi, na mtu anayetazama rangi atalivuka bila kujikwaa.

Kuunganisha

Fungua sasa ule ukurasa wa hukumu. Usihukumu kwa tabaka moja. Hukumu kwa kundi. Mwanajiolojia Walther aliandika mwaka 1894 kwamba mazingira yaliyokuwa jirani ubavuni ndiyo yanayopandana kwenye mfuatano, mradi hakuna pengo. Ndiyo maana nilikupeleka Usangu: kokoto za mguuni mwa mlima, mchanga, tope, vyote vipo leo kwa wakati mmoja, na mlima ukisogea au mto ukihama vitakaliana juu.

Kwenye Galula, kuta nyingi zina mchanga wa chembe kubwa uliopandana, sakafu zilizokatwa, kokoto, seti nyingi za mistari mshazari, na tope kidogo katikati. Huo ni mto mpana wenye mikondo mingi inayosukana na kuachana, na vipimo vya watafiti vimeonyesha mito hiyo ikielekea kaskazini-magharibi. Kwenye Nsungwe hali ni nyingine. Sehemu yake ya chini, inayoitwa Utengule, ina kokoto zilizomwagwa mguuni mwa miinuko mipya ya bonde la ufa. Sehemu ya juu, Songwe, ina mito midogo, matope ya maziwa na vinamasi, na yale majivu. Rangi ni ndugu, maisha ni tofauti kabisa.

Chini ya kila hukumu andika ile iliyoshindwa na sababu. "Si upepo: kokoto, vibanzi vya tope, ulanga." Msomaji anayebisha aone pa kukubishia. Sampuli ziandikwe namba nje ya mfuko na kwenye karatasi ndani ya mfuko, pamoja na mshale wa upande wa juu, na namba hiyohiyo iwe kwenye safu ya daftari.

Kwa mteja wangu ninafupisha yote kuwa mambo matatu: mchanga uliochujwa una unene gani, chokaa imeziba kiasi gani, na mkondo ulielekea wapi. La tatu wengi hulidharau. Mchanga wa mfereji wa kale ni mrefu kufuata mkondo na mwembamba kuukata, kwa hiyo kisima cha kwanza kikitoa maji, cha pili nakiweka kwenye mstari wa vipimo vyangu vya dira, hata kama mwenye shamba angependa kiwe karibu na nyumba.